Kinyozi wa Wodi ya Moyo

Hospitalini kuna kazi zisizo na bango mlangoni. Madaktari wana vyumba vilivyoandikwa majina yao, manesi wana meza yao ndefu, hata anayefua mashuka ana kabati lenye kufuli. Kinyozi hana. Ana beseni la plastiki, mashine mbili za kunyolea, kopo la poda, na karatasi moja anayopewa kila siku kabla ya saa moja asubuhi, iliyoandikwa namba za vitanda na sehemu za kunyoa. Kitanda cha tatu, kifua na mguu. Kitanda cha saba, kinena upande wa kulia. Kitanda cha tisa, mkono. Kwa kuisoma karatasi hiyo tu anajua nani anakwenda kufanywa nini.

Kifua na mguu maana yake ni baipasi. Watampasua mtu kidari kwa msumeno mdogo, watachukua mshipa kutoka mguuni na kuuunganisha moyoni, ili damu ipite njia mpya na kupaacha pale palipoziba. Ndiyo maana mguu nao unanyolewa, kutoka kifundo hadi pajani. Kinena au mkono ni ile ambayo wagonjwa wenyewe wanaiita waya. Daktari anaingiza waya mwembamba kwenye mshipa, anausukuma mpaka moyoni, anavimbisha kibaluni palipoziba, kisha anaacha hapo kispringi kidogo, stenti, kishikilie mshipa usijifunge tena. Mtu wa kifua na mguu humchukua kinyozi nusu saa nzima. Mtu wa waya ni dakika tano, na mgonjwa anapiga soga muda wote.

Hakuisomea kazi hii, na nani anaisomea? Alikuwa na kibanda chake cha kunyoa hatua chache kutoka geti la hospitali, akikata nywele za walinzi na madereva wa magari ya wagonjwa. Siku moja akatoka nesi mbio, akasimama mlangoni anahema: mnyoaji wao anaumwa, chumba cha upasuaji kinasubiri, na kuna mzee kagoma katakata kunyolewa na mwanamke. Akaingia kwa asubuhi ile moja. Yule mnyoaji hakurudi tena kazini, na asubuhi ile moja imefikia miaka ishirini na miwili. Stoo walimpa sare ya kijani, ileile ya madaktari wa upasuaji, kwa sababu siku hiyo haikuwepo nyingine, na hakuna aliyekumbuka kuibadilisha.

Sare hiyo ndiyo iliyomponza. Mtaani kwake, mtu akirudi kazini na nguo ya kijani hakuna anayeuliza alikuwa ameshika nini mkononi. Walianza kumwita Dokta kwa utani, watoto wakadakia, na baada ya miaka michache utani ukaisha, Dokta akabaki. Watu wakawa wanamletea picha za eksirei na magoti yao mabovu. Badala ya kusema jamani mimi nanyoa tu, yeye aliipokea picha, akaiinua dirishani, akakunja uso, akasema, "Mmh." Ile mmh yake ilikuwa na heshima zake. Mara nyingi aliwaambia waende hospitali, ushauri ambao hata muuza mboga angewapa, lakini wakiusikia kwake waliondoka wametulia. Tusimwonee. Hakuwa mtu mbaya, alipenda kuulizwa, basi.

Aliyejivunia zaidi jina hilo alikuwa kaka yake, seremala, aliyemzidi miaka kumi na mmoja. Baba yao alipofariki, seremala ndiye aliyeacha shule akashika randa, akamlea mdogo wake mpaka akaota ndevu. Alikuwa mtu wa maneno machache na mikono mikubwa, na alitengeneza milango tu. Vitanda hapana, makabati hapana. Ukimwuliza kwa nini, anakwambia mlango ndio kitu pekee ndani ya nyumba ambacho kila mtu anakigusa. Wateja wakija karakanani kwake walikuwa hawaondoki bila kusikia habari za mdogo wake wa hospitali, na alivyokuwa akizitia chumvi, ungedhani mdogo mtu ndiye anayefungua vifua.

Basi siku moja, akiwa anapiga randa, kifua kikambana. Akaketi juu ya mbao mpaka kikaachia, akaendelea. Mara ya tatu mkewe akamwona, na mkewe si mtu wa kufichwa mambo. Akampigia simu kinyozi. Kinyozi akaja mwenyewe kumchukua, akampitisha kwenye foleni huku akisalimia kila mtu kwa jina, na kaka mtu akatembea nyuma yake ametulia tuli. Walimpima damu, sukari ikaonekana ipo juu kama ilivyokuwa miaka yote. Wakamwingiza chumba cha picha, wakampiga dawa ya rangi kwenye mishipa ya moyo, na picha ikasema yake.

Daktari wa upasuaji wa moyo alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mwendo wa haraka na tabia ya kuchora. Akageuza fomu moja nyuma, akachora moyo, akachora mishipa mitatu, akaweka alama ya kalamu nyekundu kwenye kila mmoja. Akawaeleza seremala na mkewe njia zote mbili, hii inafanywaje na ile inafanywaje, siku ngapi kitandani kwa hii na kwa ile, vidonge gani vya kila siku. Kinyozi alisimama pembeni na sare yake, anatikisa kichwa kila mara daktari alipomaliza sentensi. Seremala alisikia mpaka neno msumeno. Mtu ambaye ameshika misumeno maisha yake yote akiambiwa wa leo ni wa kifuani kwake, mengine yote yanampita. Daktari akaona, akasema, "Mzee, nenda nyumbani ukafikiri. Rudi siku ya tatu."

Siku hiyohiyo, mchana, daktari akamkuta kinyozi stoo anachukua poda.

"Yule ni kaka yako wa damu?"

"Wa damu, daktari. Ndiye aliyenilea."

"Sikiliza basi. Angekuwa ameziba mshipa mmoja, ningempeleka kwenye waya bila kufikiri mara mbili, na kesho yake angekuwa kwake. Lakini yeye ana kisukari, na ameziba mitatu, mmoja ni ule mkubwa wa kushoto. Stenti itampa nafuu ya haraka, ila kwa mtu wa namna yake naogopa panaweza kuziba tena, hapohapo au mbele yake. Baipasi ni ngumu mwanzoni, sikufichi. Lakini ndiyo ninayoitaka kwake. Nimeona uso wake, hakunisikia. Anakusikia wewe. Mwambie."

"Nitamwambia, daktari."

Hakumwambia. Hapo ndipo penyewe, na yote yaliyofuata yametokea hapo.

Kesho yake jioni alikwenda karakanani. Kaka mtu alikuwa ameketi juu ya mlango ambao haujawekwa bawaba, mikono kati ya magoti, na harufu ya vanishi imejaa chumba kizima. Hakumkaribisha hata kiti.

"Dokta," akasema, "yule mama ameongea mengi. Mimi nakuuliza wewe. Wewe ndiye unayewaona kila siku. Nifanye ipi?"

Kinyozi alikuwa nayo yale maneno ya daktari, yamepangika, kisukari, mitatu, mkubwa wa kushoto. Akafungua mdomo yatoke.

"Chukua waya," akasema.

"Na yule mama anasemaje?"

"Anasema zote ni sawa, ni wewe tu."

Seremala akashusha pumzi ndefu, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu wiki ianze, akamshika mdogo wake bega. Kinyozi alirudi nyumbani bega hilo bado lina joto, na hakuweza kumaliza chakula.

Sababu alikuwa nazo, na alijihesabia zote njia nzima. Miaka ishirini na miwili alikuwa amewaona wa kifua na mguu kwa macho yake. Kila siku ya nne baada ya upasuaji alipita wodini kuwapunguza ndevu, na kila siku ya nne aliwakuta vilevile: rangi imewatoka, wamekumbatia mto kifuani ili wakikohoa kidari kisiwapasuke, watu wazima wanalia machozi, wengine wanamtukana. Wa waya alikuwa hawakuti. Akifika na mashine yake kitanda kishatandikwa, mtu kaenda kwao kwa miguu yake. Ukiona hayo mara elfu, utasema umejua. Hakuwahi kujiuliza watu hao wanakuwaje mwaka wa pili, mwaka wa tano, kwa sababu mwaka wa tano hakuna anayemwita kinyozi. Yote aliyoyaona kwa miaka ishirini na miwili yalikuwa ya wiki moja tu, yanajirudia.

Lakini hata hiyo haikuwa sababu yenyewe, na yeye alilijua hilo. Zamani aliwahi kumnyoa mwalimu mmoja wa shule, mcheshi kupita kiasi, aliyemwambia amwachie nywele tatu za kifua za kumbukumbu. Akamwachia. Mwalimu akaingia chumba cha upasuaji, na jioni wakamtoa amefunikwa. Kinyozi hakuwahi kumsimulia mtu. Siku daktari alipomwambia stoo, kitu cha kwanza alichokiona kichwani ni karatasi ya asubuhi, namba ya kitanda cha kaka yake, na maneno kifua na mguu. Aliogopa. Akauvalisha woga wake nguo ya utaalamu, akampa kaka yake auchukue kama ushauri.

Siku ya tatu seremala alirudi akasema anataka waya, na daktari, akidhani ameshaambiwa yote, akaandika hivyohivyo. Waya ulikwenda vizuri, na hiyo ndiyo iliyokuwa mbaya zaidi. Stenti nne, siku mbili kitandani, wiki moja nyumbani, na seremala akarudi kwenye milango yake anapiga mluzi. Kila aliyepita alisimuliwa. "Walitaka kunipasua hawa. Mdogo wangu kaniokoa." Shemeji mtu, mke wa seremala, naye ndiyo usiseme. Kila mara kinyozi alipopita alimwekea sahani ya kwanza na kumwombea maisha marefu. Na kinyozi, aibu yake, alianza kuamini. Kuna miezi humo katikati alipopita mbele ya yule daktari kwenye korido akitembea kifua mbele.

Mwezi wa kumi na nne, saa tano asubuhi, seremala alianguka karakanani ameshika patasi.

Safari hii aliingia kwa mlango wa dharura, ule ambao kinyozi hauhudumii. Walimwahi. Wakampa dawa, wakamrudisha chumba cha picha, wakakuta stenti mbili zimeziba na mshipa mwingine umeziba mbele ya stenti. Kipande cha nyama ya moyo kilikuwa kimekosa damu kwa muda mrefu, na kipande hicho kimekufa, hakirudi. Seremala akawa anapanda ngazi sita anapumzika. Randa akawa haiwezi. Daktari akasema sasa ni baipasi, hakuna njia nyingine ya maana, ila moyo atakaoufungua safari hii si ule wa mwaka jana, ule ulikuwa na nguvu.

Akamwambia kinyozi maneno hayo korido, wamesimama pembeni ya mashine ya maji. Kisha akamtazama kidogo. "Nilidhani ulimwambia."

Hapa mtu mwingine angesema kweli akamaliza. Kinyozi akasikia mdomo wake ukisema, "Nilimwambia, daktari. Alikataa."

"Ndivyo walivyo wazee wetu," daktari akasema kwa upole, akaondoka zake.

Kinyozi alibaki pale mpaka kikombe cha karatasi kikalowa mkononi. Mwaka jana alikuwa amemnyima kaka yake ukweli. Leo amemtwisha na ubishi ambao hakuwa nao. Wiki nzima alizunguka na jambo hilo. Alimpelekea kaka maji ya kunawa kabla nesi hajafika, akamkata kucha, akamnyoosha mashuka ambayo yalikuwa yamenyooka. Shemeji akimwona hivyo anasema, "Shemeji, sijui tungefanya nini bila wewe," na yeye anajitia kutafuta kitu chini ya kitanda.

Siku ya Jumanne, sijui miguu ilimpelekaje, akajikuta kwenye kliniki ya moyo ya wagonjwa wa nje, upande wa pili wa jengo. Hakuwahi kukaa huko hata siku moja. Akaketi kwenye benchi na sare yake. Pembeni yake alikuwa mzee mmoja mwenye shati lililopigwa pasi mpaka likasimama, akamkazia macho.

"We! Si wewe uliyeninyoa?"

"Labda, mzee. Lini?"

"Huu mwaka wa tisa." Mzee akafungua vifungo viwili bila haya, akamwonyesha mstari mweupe mwembamba katikati ya kifua, nywele zimeota pande zote mbili. "Siku ulipokuja na mashine yako kuninyoa ndevu nilikutukana vibaya sana. Nilitaka kufa siku ile. Sasa nakaa ghorofa ya nne, hatuna lifti, na nagombana na mke wangu kila siku bila kuchoka."

Mama aliyekuwa upande wa pili akacheka. "Mimi ni waya," akasema, "mshipa mmoja tu. Mwaka wa sita na sijambo. Ila mimi sina sukari, daktari alisema hiyo ndiyo bahati yangu."

Kinyozi akawatazama. Benchi zima lilikuwa limejaa watu hao, wengine wa kifua, wengine wa waya, kila mtu na kilichomfaa, wamekuja na magazeti yao na miwani yao. Wengi wao lazima aliwashika kwa mikono yake, na hakumkumbuka hata mmoja. Yote aliyotakiwa kuyajua yalikuwa hatua mia kutoka kwenye beseni lake. Aliinuka bila kuaga, akaenda chooni, akalia.

Ijumaa karatasi ilikuja. Kitanda cha kumi na moja, kifua na mguu. Sista wa zamu akamwambia, "Huyu si kaka yako? Nimpe mwingine amnyoe?" Akasema hapana, atamnyoa yeye.

Akavuta pazia, akatandika taulo, akawasha mashine. Nywele za kifua za seremala zilikuwa zimegeuka nyeupe zote, na kinyozi hakujua zimegeuka lini. Alianza juu kushoto, taratibu. Alipofika katikati, kaka mtu akaongea akitazama dari.

"Yule mama alipita jana. Kaniambia, mzee, nashukuru safari hii hukukataa." Akavuta pumzi. "Kwani mimi nilikataa lini?"

Mashine ilikuwa inanguruma mkononi. Kinyozi aliona kabisa jinsi ambavyo angeweza kusema. Daktari kakuchanganya na mgonjwa mwingine, kaka, wako wengi. Maneno hayo yalikuwa tayari, mepesi, na seremala angeyaamini. Akazima mashine.

"Hukukataa. Hukuulizwa." Sauti ilimtoka kavu. "Daktari aliniita stoo mwaka jana, akasema baipasi ndiyo yako, kwa ajili ya kisukari na ile mishipa mitatu. Akanituma nikwambie. Sikukwambia. Ulipouliza anasemaje, nikakudanganya. Na juzi aliponiuliza, nikasema wewe ndiye uliyekataa."

Seremala hakugeuza kichwa. Nusu ya kifua chake ilikuwa imenyolewa, nusu bado.

"Mara mbili," akasema.

"Mara mbili, kaka."

"Kwa nini?"

"Niliogopa kukunyoa kifua."

Seremala akainamisha macho, akajitazama kifua chake mwenyewe, upande huu na upande ule. "Na sasa unafanya nini?"

Machozi yalikuwa yanamdondoka kinyozi juu ya taulo na hakuyafuta, mikono yote ilikuwa na nywele.

"Nisikilize," kaka mtu akasema polepole, maana pumzi ilikuwa haimtoshi. "Ile siku karakanani nilijua utaniambia waya. Ungesema kifua, ningekwenda kwa mwingine, na mwingine, mpaka nimpate wa kuniambia waya. Niliogopa kuliko wewe. Hilo ni langu, nalichukua."

Kinyozi akasikia kifua chake kinafunguka, akatamani maneno yaishie hapo.

"Lakini ningemkatalia yule mama mwenyewe, uso kwa uso, leo ningekuwa nimelala hapa najilaumu mwenyewe, na roho yangu ingetulia. Hukuniachia hata nikosee mwenyewe. Hilo ni lako, bwana mdogo. Na hilo sikusaidii kulibeba."

"Ndiyo, kaka."

"Washa mashine. Nasikia baridi."

Akawasha. Akamaliza kifua, akashuka mguuni, kutoka kifundo hadi pajani, hakuruka hata unywele mmoja na hakumkwaruza popote. Alipomfuta kwa kitambaa cha maji ya dawa, seremala akamshika kifundo cha mkono.

"Shemeji yako yuko nje kwenye benchi. Anakuombea wewe kuliko anavyoniombea mimi. Mwambie."

"Nitamwambia, kaka. Ukitoka tu, tukae wote watatu..."

"Si nikitoka. Nikiwa ndani. Nikiamka nimkute anajua." Akamwachia mkono. "Na nisipoamka, asije akakaa miaka yake yote anakushukuru."

Wakaja wawili na kitanda cha magurudumu, wakampa sindano ya kumlegeza kabla ya nusu kaputi, wakamsukuma. Tuseme mapema, asikae mtu roho juu: seremala aliamka. Alirudi na moyo uliopungua, milango hakutengeneza tena, lakini aliamka. Ila saa ile, saa mbili na robo asubuhi, kinyozi hakulijua hilo, wala mwanamke aliyekuwa kwenye benchi.

Alivua glavu, akanawa mikono mara mbili, akafungua mlango wa korido. Shemeji alimwona, akasogeza mkoba wake haraka kumpisha akae, akafungua chupa ya chai na kummiminia yeye kwanza kwenye kifuniko.

"Kunywa, shemeji, umechoka. Umemnyoa mwenyewe? Najua alitulia alipokuona wewe."

Akakipokea kile kifuniko, akakiweka sakafuni. Akamwambia. Alianza na stoo, akaenda karakanani, akafika mpaka kwenye mashine ya maji, na hakujitetea, wala hakusema aliogopa, kwa sababu aliona hiyo nayo ingekuwa njia ya kuomba huruma. Alimaliza na alichotumwa na kaka. Shemeji hakulia, hakupandisha sauti. Alifunga chupa ya chai, akakaza kifuniko cha ndani mpaka kikalia, akaiweka kwenye mkoba, akauchukua mkoba kutoka katikati yao na kuupakata. Muda mrefu alitazama mlango aliopitishwa mumewe. Kisha akageuka.

"Na leo?" akauliza. "Leo daktari amekwambia nini ambacho hujaniambia?"

"Hakuna, shemeji. Ameniambia moyo umepungua nguvu na operesheni itachukua saa nyingi. Hayo tu. Haki ya Mungu, hayo tu."

Ilikuwa kweli, kila neno. Shemeji alimtazama usoni, akamchunguza kama mtu anayesoma karatasi isiyo na sahihi. Halafu akasimama, akapachika mkoba begani, akatembea mpaka kwenye meza ya manesi kwenda kuuliza mwenyewe.